Mke wangu analalamikia joto kila siku, nimepata uhamisho wa kwenda kwenye baridi kakataa

Habari za kazi dada mshauri, pole na majukumu. Mimi msomaji wako wa kimya kimya, mambo ya nyumbani kwangu sijawahi kuyaandika popote ila hili limenifika hapa kooni. Jina langu usiliweke. Mke wangu anasoma safu yako na akisoma atajijua tu, ila angalau mtaa mzima usijue.

Nimeoa miaka mingi, watoto wakubwa wameshatoka nyumbani kabaki wa mwisho. Tunaishi mji wa joto, tena lile joto la unyevu, ukitoka kuoga hujui ni maji au ni jasho. Mke wangu ana miaka 48 na tangu nimuoe hilo joto hajalizoea. Akiamka neno la kwanza "jamani hili joto". Akikaa chini "hili joto litatuua". Akipiga simu kwa dada zake wanaanza na joto, katikati wanaulizana kwako likoje, wanaagana na joto. Ana apu ya hali ya hewa kwenye simu, ikifika nyuzi 34 anapiga skrinishoti anarusha kwenye grupu la familia halafu anakaa kusubiri watu wampe pole. Ile apu ikiandika inahisika 41 ndo kabisaaa, ananifuata mpaka nilipo, "umeona? umeona?" kama kashinda kesi.

Sasa mimi ni mtu wa ufundi, nikisikia kitu kinasumbua natafuta spana. Nikanunua feni ya ukutani, akasema inapuliza hewa ya moto. Nikajikamua nikaweka kiyoyozi chumbani, na bili ya umeme ndo hivyo tena. Siku ya kwanza kakaa nacho muda mfupi tu, akanyanyuka akaenda kibarazani kwa jirani, nikawa nawasikia kupitia dirishani wanalalamikia joto! Nje! Kiyoyozi kinaunguruma chumbani na mimi peke yetu. Dada, nilikaa pale kitandani nikajiuliza huyu mwanamke anataka nini hasa.

Halafu kuna kitu nimekuja kukigundua, naomba unielewe vizuri hapa. Siku za joto kali ndo anachangamka. Siku ya kawaida yupo yupo tu, kimya, anafanya kazi zake. Siku joto likizidi anaongea na kila mtu, wanagonga mikono na yule jirani, hata mtu asiyemjua kwenye foleni ya benki wakishaanza "leo joto" utadhani wamesoma wote. Na mvua zikija, nikisema sasa tumepumzika, anahamia kwenye matope na nguo hazikauki.

Kasheshe lenyewe ni hili. Kazini ilitoka nafasi ya uhamisho kwenda tawi letu la nyanda za juu, huko asubuhi watu wanatoka na makoti. Cheo kile kile, mshahara ule ule. Nikaomba bila kumwambia maana nilitaka iwe sapraizi, kwamba mke wangu miaka yote hii nimekusikia, haya twende kwenye baridi. Barua imetoka na natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nimempa, kaisoma, kaikunja, kanirudishia, kasema "nani alikwambia mimi nataka kuhama?" Nikamwambia wewe mwenyewe, kila siku ya Mungu. Akasema "kulalamika joto ndo kutaka kuhama? ina maana siku zote ulikuwa hunisikilizi". Yaani MIMI ndo simsikilizi! Nikamwambia nilikotoka mimi kuna jua la kupasua kichwa kuliko hapa na hatukuwahi kulialia, akasema hiyo ndo shida yako. Toka siku hiyo ananijibu kwa mkato, na cha ajabu joto halitaji tena mbele yangu. Akiwa na jirani analitaja, nikitokea wananyamaza.

Naomba unijibu, hivi kuna watu wanafurahia kulalamika au ni ugonjwa? Au ananilalamikia mimi halafu joto ni kisingizio? Na hii barua niijibuje, nikikubali naona kama nitaenda peke yangu, nikikataa kila atakaposema joto kichwa kitaniuma mpaka nazeeka. Ndugu zangu wanasema mimi ndo mwanaume niamue. Kuna rafiki yangu anasema huyo ana mtu hapo mtaani ndo maana hataki kuhama, sitaki kuliwaza hilo ila limeshaingia.

Ni mimi, Mume wa Mama Joto

MSHAURI ANAJIBU

Kaka yangu, asante kwa kuniandikia. Pale kwenye kiyoyozi kinachounguruma na wewe peke yenu nilicheka, naomba unisamehe, ila nilipofika kwenye barua iliyokunjwa nikaacha. Mtu umekaa miaka unamsikia mwenzio anateseka, umeleta feni, umeleta kiyoyozi, mwisho ukaona potelea mbali nitamhamisha mji, halafu unaambiwa husikilizi. Inauma hiyo. Na ninavyoona, barua yako ina mambo mawili yaliyofungwa pamoja, kuna ofisi inayosubiri jibu na kuna nyumba iliyonyamaza, na hilo la nyumba kunyamaza ndo naona limekukaa zaidi.

Nianze na swali lako, kama kuna watu wanafurahia kulalamika. Wapo kaka, karibu sote tumo humo, na hali ya hewa ndo lalamiko tamu kuliko yote. Hebu angalia, ukimlalamikia bosi maneno yanaweza kumfikia, ukimlalamikia wifi mtakosana kwenye msiba, ukigusa siasa nusu ya watu wananuna. Joto halina ndugu wa kulitetea. Halikasiriki. Hakuna atakayekwambia umejitakia. Kwahiyo watu wawili wasiojuana kabisa wanaweza kulisema mpaka wachoke na wakaachana wakiwa marafiki, kama ulivyoona kwenye foleni ya benki. Mwaka 1923 mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliandika kuhusu maongezi ambayo kazi yake siyo kupeana habari ila kuwaweka watu karibu, na hali ya hewa ilikuwa moja ya mifano yake. Yule jirani haambiwi kitu kipya akiambiwa kuna joto, si na yeye jasho linamtoka? Anachopata ni kujua kwamba mwenzake yupo na wanapitia kitu kimoja.

Na kupitia kitu kimoja kuna nguvu zake. 2014 watafiti wakiongozwa na Brock Bastian waliwakalisha watu kwenye vikundi wakawapa maumivu kidogo, wengine mikono kwenye maji ya barafu, wengine pilipili kali, na waliopata maumivu pamoja walishirikiana zaidi baadaye kwenye mchezo wa pesa kuliko wale ambao hawakupewa maumivu yoyote. Kwahiyo ule uchangamfu unaouona siku za joto kali sidhani kama ni maigizo. Joto linamuumiza kwelikweli na wakati huo huo linampa watu, na kwenye hiyo baraza yote mawili yanakwenda pamoja. Wewe umeona kwasababu anacheka basi haumii. Naomba hilo ulifikirie tena.

Sasa ile "umeona? umeona?". Mwili wetu unajipoza kwa jasho kukauka kwenye ngozi, hewa ikiwa imeshajaa unyevu jasho halikauki, linatiririka tu, ndo maana nyuzi 34 zinahisika 41. Kwahiyo apu ikimwandikia 41 ameshapata shahidi, kumbe hadeki, kumbe simu nayo inasema. Anakuletea wewe uone. Hapo haombi kiyoyozi kaka, anaomba useme "aisee, leo limezidi". Wewe ukamwambia kwenu kuna jua kuliko hapa. Inawezekana ni kweli, ila nikuulize, joto la kwenu ni kavu? Maana kwenye joto kavu kipimajoto kinaweza kusoma juu zaidi na mwili bado ukapata nafuu kwasababu jasho linakauka, kwahiyo unaweza ukawa unalinganisha vitu viwili tofauti. Na hata kama ungekuwa umeshinda hayo mashindano, ungepata nini?

Tena usiichukulie ile baraza kama mahali pa umbea tu. Julai 1995 mji wa Chicago, Marekani, ulipigwa na joto kwa siku chache na watu zaidi ya 700 wakafa. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alipokuja kuchunguza aliona kwamba waliokuwa wakiishi peke yao bila watu wa kuwasiliana nao ndo walikuwa hatarini zaidi, na mitaa ambayo watu wake wanatoka nje na kuonana ilipona kuliko mingine yenye umaskini huo huo. Jirani anayemsikia mkeo akilalamika kila siku ndo atakayeshtuka siku asipomsikia. Kiyoyozi hakishtuki.

Kuna kitu umekipita haraka, umri. Miaka 48. Wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55 na kipindi hicho mwili unaweza kuwaka ghafla, jasho likamtoka usiku mpaka shuka zikalowa hata kama nje kumepoa. Tezi ya shingoni nayo ikifanya kazi kupita kiasi humfanya mtu asivumilie joto. Umesema hajalizoea tangu umuoe, sawa, ila je, miaka ya karibuni limeongezeka? Anaamka usiku kujipepea? Kakonda bila sababu, moyo unamwenda mbio? Kama ndiyo basi kuna sehemu ambayo si maongezi tena, ni ya daktari. Ila jinsi ya kumwambia uwe nayo makini, ukienda na "nimesoma kumbe ni umri wako" utafukuzwa na utakuwa umejitakia.

Sasa lile ulilouliza kwa haraka, kama anayelalamikiwa ni wewe. Mimi sijui, na mtu atakayekwambia anajua kwa kusoma barua moja umwogope. Kuna nyakati mtu anasema joto kwasababu kile kingine hakisemeki, na kuna nyakati joto ni joto. Mimi nilichosimama nacho ni ile sentensi yako kwamba siku za kawaida yupo yupo tu, kimya. Umeiandika kama kitu kidogo halafu ukarudi kwenye joto. Watoto wakubwa wameondoka, nyumba imepungua sauti, siku ambayo hakuna la kulalamikia mnaongea nini nyie wawili? Siulizi kukulaumu, nauliza kwasababu inawezekana joto ndo lilikuwa mlango wake wa kuja kwako, na kila alipogonga wewe ulifungua ukampa spana. Spana ni upendo, mimi naliona hilo, yeye sina uhakika kama analiona.

Nisilipambe sana lalamiko lakini. Lina upande wa pili. Mwaka 2002 mtafiti Amanda Rose alitoa utafiti wa watoto na vijana wanaokaa na marafiki kurudia rudia shida zao, akaona urafiki wao unakuwa wa karibu zaidi ila walikuwa pia na huzuni na wasiwasi zaidi, na wasichana ndo walikuwa wakifanya hivyo kuliko wavulana. Wale walikuwa wakizungumzia shida zao binafsi, si hali ya hewa, kwahiyo nisiseme mkeo atakuwa hivyo, ila na wewe kuchoka una haki, kusikia jambo moja asubuhi mpaka usiku kunachosha na unaweza ukasema umechoka bila kumwambia analialia. Kuna tofauti hapo.

Kuhusu rafiki yako. Kaka, mwanamke anayekaa kibarazani mtaa mzima unamwona, ana grupu, ana jirani wa kugonga naye mikono, ana mtoto wa mwisho nyumbani, halafu hataki kuhama mji alioishi miaka yote hiyo, hiyo inahitaji mwanaume wa siri ili ieleweke? Mbona sababu zimejaa hapo mezani. Huyo rafiki kalitupa neno kaenda kwake kulala, anayekosa usingizi ni wewe. Na ndugu wanaosema uamue, sawa, utaamua kazi yako, ila yeye atalala wapi si kitu cha kuamuliwa akiwa jikoni.

Hilo linanileta kwenye sapraizi. Najua nia ilikuwa njema. Ila ukijaribu kukaa upande wake, siku hiyo alipewa karatasi inayosema maisha yake yote yanahama, na sababu iliyotolewa ni yeye mwenyewe. Yaani akikataa ni mkorofi, akikubali amepoteza baraza. Labda ndo maana hata joto halitaji tena mbele yako, ameona maneno yake yanaweza kugeuzwa kuwa lori la kuhamisha vitu.

Na wewe je? Cheo kile kile, mshahara ule ule, na bado ukaomba. Ndani ya hiyo barua kuna hamu yako mwenyewe? Labda umechoka na huo mji, labda unataka mwanzo mpya, na jina la mkeo lilikuwa rahisi kuliweka mbele. Kama ipo, iseme kama yako, "mimi natamani kwenda". Hilo litampa kitu halisi cha kujibu, na wewe hutabaki ukidai shukrani kwa safari ambayo hakuiomba.

Kwenye njia zenyewe, kila moja ina mtego wake. Kuhama kwa kutegemea kwamba baridi itamaliza malalamiko, hapo nakuonya. 1998 David Schkade na Daniel Kahneman waliuliza wanafunzi wa California, kwenye jua zuri, na wa majimbo ya katikati ya Marekani yenye hali ya hewa mbaya zaidi. Wote walidhani wa California lazima wawe na furaha zaidi kwasababu ya hali ya hewa, walipopimwa kuridhika kwao na maisha wakakuta wako sawa tu. Tukihama tunaifikiria hewa, tukishafika tunaishi na watu. Na mkeo huyo huyo mvua ikija anahamia kwenye matope, kwahiyo ukungu na viungo kuuma navyo vipo vinamsubiri huko juu. Ila huo ni upande mmoja, kama ana tatizo la mwili kweli, baridi inaweza ikampa usingizi ambao hajaupata miaka, hilo nalo nisilifute.

Kwenda peke yako kwanza ukaangalia, inawezekana, ila nyumba ambayo sasa hivi mnajibizana kwa mkato ukiitenganisha kilomita kadhaa inaweza kuzoea kutengana. Kukataa uhamisho kuna lile la kichwa kuuma, na hatari kubwa zaidi naona ni kwamba utamwekea hesabu, kila akisema joto wewe moyoni unasema si ulikataa. Kama unakataa basi ukatae kwasababu zako pia. Halafu hukuniambia kama ulishauliza ofisini kwamba jibu linaweza kusogezwa mbele au nafasi hizo hutoka tena, ulizia hilo mapema kabla hujaumiza kichwa na mengine. Na kama mna siku za likizo, nendeni wote mkakae huko kidogo, tena mwende msimu wake mbaya, baridi ya kutetemeka na nguo mbichi, siyo ule msimu wa picha.

Kabla ya yote hayo kuna mazungumzo. Sikwambii uende ukakae kibarazani leo uanze "jamani joto", ataona unamkejeli na jirani atakuwa shahidi. Labda uanze na barua ile ile, umwambie niliomba bila kukuuliza, nataka kusikia ungeniambia nini kama ningekuuliza mwanzo. Halafu nyamaza, hapo ndo pagumu kwa watu wa ufundi. Akitaja joto ndani ya hayo mazungumzo usilitengeneze, muulize tu "hili unataka tulifanyie kitu au unaniambia tu?" Anaweza akakasirika kwa swali lenyewe, anaweza akalia, anaweza akakuonyesha simu. Kama mtakwama na siku za kujibu zinakaribia kuna watu mnaowaheshimu nyote wawili, mmoja wao akae nanyi, asiwe yule rafiki yako.

Umesema anasoma hapa. Mama Joto, kama umefika mpaka hapa, nimekusikia kupitia mdomo wa mumeo tu na najua kuna mengi hayajapita. Niandikie na wewe, hata kama ni ya kunigombeza.